Nyumba Ntobhu na Ubatizo wa Watoto
Jamii inayombadilishia mtu nafasi ya jinsia kwa urahisi haipo mbali na sisi wa Ilemela, tunaosali pamoja na waamini wenye asili ya Tarime. Kwa mila ya Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe wa mahari, akamwoa mwanamke mwenzake. Watoto ambao huyo huzaa na mwanamume huhesabiwa wa nyumba ya mwoaji. Mwili wabaki vilevile.

Kanisa haliitambui kuwa ndoa. Tamko la Dignitas Infinita (2024) lafundisha kwamba jinsi ya mwili na nafasi yake katika jamii hutofautishwa, lakini hazitenganishwi.

Na mtoto je? Kanuni ya 868 yadai ridhaa ya walau mzazi mmoja na tumaini la malezi ya Kikatoliki. Mahari haitajwi.