.458 Winchester Magnum

.458 Winchester Magnum ni aina ya risasi ya bunduki ya kuwindia iliyotolewa na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka 1956. Ilikusudiwa wanyama wakubwa na wa hatari wa Afrika, hasa tembo, nyati na kifaru. Ilienea haraka kwa sababu ilipatikana katika bunduki ya bei nafuu, lakini katika miaka yake ya kwanza ilipata sifa mbaya kutokana na namna baruti ilivyosongamana ndani ya ganda lake. Kwa sababu hiyo hutajwa sana na watu wanaojaza risasi wenyewe wanapoeleza uhusiano kati ya baruti, uzito wa kichwa cha risasi na nafasi iliyopo.

== Maneno ==

Neno "risasi" lina maana tatu katika Kiswahili: metali laini na nzito, kipande kinachotoka mtutuni na kumpiga mnyama, na kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Katika makala hii "risasi" ni kitu kizima. Kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa cha risasi kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Metali yenyewe itaitwa madini ya risasi. Uzito wa baruti na wa vichwa hupimwa kwa greni. Greni moja ni sawa na gramu 0.0648.

== Historia ==

Tangu mwisho wa karne ya 19 wawindaji wa tembo walitumia bunduki za Kiingereza za mitutu miwili. Mojawapo ya risasi zake maarufu ilikuwa .450 Nitro Express, iliyotolewa na John Rigby wa London mwaka 1898. Ilirusha kichwa cha greni 480 (gramu 31) kwa kasi ya takriban mita 655 kwa sekunde. Baruti yake ilikuwa kodaiti, yaani mchanganyiko wa nitrogliserini, pamba-baruti na vaselini uliofinyangwa kama tambi. Kodaiti ilikuwa na kasoro moja kubwa: joto likizidi, shinikizo lake lilipanda. Ndiyo maana viwanda vya Uingereza viliuza risasi za pekee za nchi za joto, zilizotiwa kodaiti kidogo zaidi. Maganda nayo yalifanywa marefu na mapana ili shinikizo libaki dogo na ganda lising'ang'anie ndani ya chemba jua likiwa kali.

Bunduki hizo zilitengenezwa kwa mkono na bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mwindaji wa kawaida au askari wa wanyamapori. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia biashara hiyo ilififia, na katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch, kilichokuwa mtengenezaji mkuu wa risasi hizo, kiliacha kuzitengeneza. Winchester waliona pengo hilo mapema. Walichukua ganda la .375 Holland & Holland Magnum la mwaka 1912, lenye ukanda kwenye kitako, wakalifupisha hadi milimita 63.5 na kulifanya karibu nyoofu kama bomba. Kwa urefu huo risasi nzima, yenye milimita 84.8, iliingia katika bunduki ya bolti ya kawaida ya kiwanda, Model 70. Ganda hilo fupi lilizaa jamaa wengine: .264 na .338 Winchester Magnum, kisha .300 mwaka 1963.

Ahadi ilikuwa kwamba kichwa cha greni 500 (gramu 32.4) au 510 kingetoka kwa mita 649 kwa sekunde, yaani nguvu ileile ya .450 Nitro Express au zaidi kidogo. Ganda la .458 lilikuwa dogo kuliko lile la Kiingereza, hivyo shinikizo lilipaswa kuwa kubwa zaidi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya ni megapaskali 430, wakati .450 ya zamani haikufika 300.

== Tatizo la baruti iliyosongamana ==

Ndani ya ganda la .458 kuna nafasi ya takriban sentimita za ujazo 6 tu. Kichwa cha greni 500 ni kirefu, na kwa kuwa urefu wa risasi nzima una mpaka, sehemu kubwa ya kichwa hicho huzama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ili kufikia kasi iliyotangazwa, kiwanda kilitia baruti mpaka ikajaa, kisha kichwa kikaishindilia.

Baruti kushindiliwa kidogo si kosa. Risasi nyingi hujazwa hivyo bila madhara. Lakini baruti ya Winchester ilikuwa ya chembe za mviringo, na ilishindiliwa sana. Risasi zilipokaa muda mrefu, hasa katika joto, chembe zilishikamana zikawa donge. Donge haliwaki kama chembe zilizo huru, kwa kuwa moto wa fataki hauwezi kupenya katikati yake kwa haraka. Sehemu ya baruti iliungua kwa kuchelewa, nyingine ilitoka mtutuni haijaungua, na kasi ikatofautiana kutoka risasi moja hadi nyingine ya boksi lilelile.

Mwanafunzi anaweza kupima uzito wa jambo hili kwa fomula ya nishati ya mwendo. Kichwa cha gramu 32.4 kikienda mita 649 kwa sekunde kina jouli 6,800 hivi. Kikienda mita 580 kina jouli 5,450. Kasi imepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, lakini nishati imepungua kwa sehemu moja ya tano, kwa sababu kasi hujizidisha yenyewe katika hesabu. Mbele ya tembo aliye umbali wa hatua kumi na tano, tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya kichwa kufika kwenye ubongo na kichwa kukwama katika mfupa wa fuvu, ambao kwa tembo ni mnene na umejaa vijumba vya hewa kama sega la nyuki.

Mmarekani Jack Lott, mwindaji na mwandishi, alijeruhiwa vibaya nchini Msumbiji mwaka 1959 na nyati ambaye alikuwa amekwisha kumpiga kwa .458. Alipopona alianza kutafuta ganda lenye nafasi zaidi, na mwaka 1971 akatoa .458 Lott. Hilo ni ganda la .375 kwa karibu urefu wake wote, milimita 71, lenye kichwa kilekile cha .458. Linarusha greni 500 kwa mita 700 kwa sekunde bila baruti kusongamana mno. Bunduki ya .458 Lott inaweza pia kupiga .458 Winchester Magnum, jambo la manufaa mahali ambapo risasi ni adimu. Kinyume chake hakiwezekani.

Winchester wenyewe walibadilisha ujazaji, na kasi inayotajwa katika orodha zao ikashuka hadi mita 622 kwa sekunde. Risasi za viwandani za siku hizi hazina kasoro ya awali. Hata hivyo sifa mbaya huchukua muda kufutika, na wako wawindaji wanaoikataa .458 hadi leo kwa habari za miaka ya 1960.

== Kuchagua baruti ==

Nchini Marekani, Afrika Kusini na kwingineko wawindaji wengi hujaza risasi zao wenyewe. Kwa .458 swali lao la kwanza ni kasi ya kuungua. Wengi hudhani kwamba kila risasi yenye jina la magnum inataka baruti ya polepole. Hiyo ni kweli kwa .300 Winchester Magnum, ambayo ina ganda kubwa na tundu jembamba la mtutu: gesi hukosa pa kwenda, kwa hiyo lazima itoke taratibu. Kwa .458 mambo yamegeuka. Tundu ni pana, na kila milimita ambayo kichwa kinasonga mbele huongeza nafasi kubwa kwa gesi. Baruti ya polepole ingejaza ganda bila kufikia shinikizo linalotakiwa, na nyingi ingeungulia nje ya mtutu. Kwa hiyo huchaguliwa baruti za kasi ya kati zinazoungua haraka zaidi kuliko zile za .300. H4895, IMR 3031 na H335 ni miongoni mwa zilizotumika sana.

Umbo la chembe lina maana pia. H335 ni ya chembe za mviringo. Hukaa kwa kubanana vizuri, hivyo uzito mkubwa huingia katika nafasi ndogo na hakuna haja ya kuishindilia. Lakini chembe hizo hupakwa dawa ya kuchelewesha moto, na zinahitaji fataki yenye mwako mkali. Baruti za vijiti kama H4895 huwaka kwa urahisi na huchukua nafasi kubwa zaidi. H4895 inapendwa kwa jambo jingine: shinikizo lake halibadiliki sana kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Mtu aliyepima risasi zake wakati wa baridi kali huko Montana, kisha akazipeleka bondeni Zambezi mwezi wa Oktoba, ndiye anayejua thamani ya sifa hiyo.

Majina ya baruti yana mtego. Namba ileile chini ya watengenezaji wawili, kama IMR 4895 na H4895, haimaanishi baruti ileile, na kipimo cha moja hakihamishiwi nyingine. Vipimo huchukuliwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa kichwa kilekile kilichotajwa humo. Mjazaji huanza na kiwango cha chini na kupanda kidogo kidogo. Bolti ikiwa nzito kufunguka, au fataki ikitoka imebapa, shinikizo limezidi na kazi husimamishwa hapo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana mezani. .458 hupiga bega kwa nguvu ya jouli 80 hivi katika bunduki ya kilo nne. Risasi zilizobaki ndani ya magazini hutikiswa kila mara, na kichwa kisichobanwa vizuri mdomoni mwa ganda husukumwa ndani. Hapo baruti hushindiliwa zaidi na shinikizo hupanda. Kwa hiyo vichwa vya risasi hizi huwa na mfereji mdogo kiunoni, na mdomo wa ganda hukunjwa ndani yake.

== Kuchagua kichwa cha risasi ==

Vichwa viko vya makundi mawili. Kichwa laini kina madini ya risasi yaliyo wazi nchani. Kikimpiga mnyama hupanuka kama uyoga na kufanya jeraha pana. Kichwa kigumu hakipanuki; kazi yake ni kwenda mbali na moja kwa moja. Kwa tembo hutumika kigumu peke yake. Kwa nyati desturi ya wawindaji wengi ni laini kwanza, vigumu vikifuata, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa mara nyingi huwa amegeuza mgongo na kichwa lazima kipite katika mwili mzima.

Vichwa laini vya zamani vilipasuka vipande kwenye mfupa wa bega. Mmarekani John Nosler alitoa mwaka 1948 kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hupanuka, nusu ya nyuma hubaki nzima. Baadaye vilikuja vichwa ambavyo madini ya risasi yameunganishwa kabisa na gamba lake la shaba, na vingine vya shaba tupu, vilivyoletwa na kampuni ya Barnes mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika vichwa vigumu, vyenye ncha bapa huenda wima zaidi mwilini kuliko vya ncha ya duara, ambavyo wakati mwingine hupinda njia.

Kwa .458 shaba tupu inarudisha tatizo la nafasi. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba gramu 8.9 hivi. Kichwa cha shaba cha greni 500 lazima kiwe kirefu zaidi kwa milimita kadhaa, na milimita hizo zote huzama ndani ya ganda. Jibu la wajazaji wengi ni kushuka hadi greni 450: nafasi inapatikana, kasi inapanda, na kwa kuwa kichwa cha shaba hakipotezi uzito njiani, hupenya bila kupungukiwa na kile cha zamani cha greni 500. Wanaoshikilia greni 500 kwa mazoea hununua uzito kwa gharama ya kasi, na ganda hili halina kasi ya kupoteza.

Shaba ina faida nyingine ambayo haihusu bunduki. Vipande vya madini ya risasi vinavyobaki katika mizoga na matumbo yaliyotupwa huwaua tai kwa sumu. Jimbo la California limekataza matumizi yake katika uwindaji wote tangu Julai 2019.

== Afrika ya Mashariki ==

Katika miaka ya 1960 .458 ilikuwa ya kawaida mikononi mwa wawindaji wa kulipwa wa Kenya na Tanganyika, na Winchester walitumia safari za Kenya katika matangazo yao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania ilikuwa imeufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na leo unasimamiwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kujaza risasi nyumbani si jambo huru katika nchi hizi kama lilivyo Marekani: kutengeneza risasi kunahitaji kibali cha serikali, kwa hiyo .458 zinazotumika hapa kwa kawaida ni za kiwandani, na mgeni wa safari huja na zake zikiwa zimeandikwa katika kibali cha silaha yake.