Filimbi ya Sungusungu

Wakazi wa vijiji vya Mpanda wanaijua filimbi ya sungusungu. Ikilia usiku huulizi kitu: unashika upinde, fimbo, chochote, unatoka. Desturi hii ilikuja na wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, ila chimbuko lake ni upande wa Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Miaka ile ilikuwa ya shida. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, silaha zikazagaa, maduka yakawa matupu, wezi wa ng'ombe wakatamba. Unamkamata mwizi, unampeleka kituoni, kesho unapishana naye sokoni. Basi wanavijiji wakajipanga wenyewe, wakachukua jina la yule chungu mweusi anayeuma.

Msomaji, usidhani haya ni mambo ya porini tu. Novemba 1887, jijini London, polisi wa Kamishna Charles Warren waliwatwanga waandamanaji pale Trafalgar Square, wakiwemo mafukara wasio na kazi. Mwaka uliofuata wanawake maskini wakawa wanachinjwa mmoja mmoja mtaani Whitechapel, na polisi walewale wakashindwa kumpata muuaji. Wafanyabiashara wa mtaa wakaunda kamati chini ya George Lusk, wakaajiri watu wa kufanya doria usiku. Wakawapa nini? Filimbi na fimbo.

Kahama na Whitechapel zilikuwa na polisi. Lililokosekana ni polisi wa kumsikiliza mnyonge anapoibiwa au anapouawa, si pale tu anapoandamana.

Lakini filimbi nayo ina watu wake. Whitechapel, lawama ziliwaangukia Wayahudi wahamiaji. Kwetu, sungusungu hawakuishia kwa wezi. Waliwasaka na "wachawi". Vikongwe wakanyooshewa vidole, wakatengwa, wengine wakauawa.

Polisi na mahakama hawakuwapenda sungusungu, ila viongozi wa chama, Nyerere akiwemo, waliwaunga mkono. Mwaka 1989 sheria ikawapa mamlaka ya kukamata. Mwenye ng'ombe akapumua. Je, yule bibi mjane, asiye na mtoto wa kumsemea barazani, alipata nini? Historia ya ulinzi wa jadi tunapenda kuisimulia kwa hesabu ya ng'ombe waliorudi. Tuisimulie pia kwa hesabu ya bibi zetu.