Kufunga Safari na Kung'oa Nanga: Vitenzi vya Kuondoka katika Njia ya Busia na Tororo

Kitenzi cha Kiingereza "embark" kilitokana na Kifaransa "embarquer" katika karne ya 16. Kiini chake ni "barca", neno la Kilatini cha baadaye lenye maana ya chombo kidogo cha majini. Maana yake ya awali ni kuingia chomboni. Ile ya kuanza jambo zito ilizaliwa kwa sitiari. Kiswahili kina mwenendo unaofanana na huo katika "kung'oa nanga". Usemi huo wa mabaharia sasa hutumiwa na magazeti kwa mashindano na mikutano, na unaeleweka hata Rubongi, wilayani Tororo, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Hata hivyo, Kiswahili kina usemi mwingine usiohitaji bahari: "kufunga safari". "Safari" limetokana na Kiarabu "safar". Wanaleksikografia wa Kiarabu walilihusisha na maana ya kufunua, kwa hoja kwamba safari hufichua tabia za watu. "Funga", kwa upande wake, ni kitenzi cha Kibantu. Hivyo usemi mmoja umeunganisha kufunua na kufunga. Muungano huu unaeleweka vyema tukikumbuka kazi ya alfajiri katika msafara: kabla ya hatua ya kwanza, kila mpagazi alihakikisha mzigo wake umefungwa barabara. Mzigo huo uliitwa mtumba.

Misafara hiyo ndiyo iliyoifungua njia ya Busia. Joseph Thomson alifika Mumias mwaka 1883, na Askofu James Hannington alipita huko mwaka 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Katika muongo wa 1890 njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, iliyohusishwa na jina la Sclater, ilifikishwa Busia. Mwaka 1902 Waingereza walihamishia Jimbo la Mashariki la Uganda upande wa Kenya ya leo. Eneo ambalo misafara ililivuka kama njia moja likaja kugawanywa na mpaka.

Historia hii ina uzito katika mjadala wa sasa. Nchini Uganda, Kiswahili kimehusishwa kwa muda mrefu na jeshi na polisi, na baadhi ya raia wamekiogopa kwa sababu hiyo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Uamuzi wa serikali, hata hivyo, hauondoi kumbukumbu ya bunduki. Ushahidi wa msamiati unaweza kusaidia, kwa kuwa unaonyesha kwamba kabla ya kambi, Kiswahili kilipita hapa mabegani mwa wapagazi.

Ushahidi huo ungali sokoni. Mfanyabiashara wa Busia anayefungua robota la mitumba hutumia jina la mzigo wa mpagazi kwa nguo zilizokwishavaliwa ng'ambo. Mwalimu wa Tororo anayetafuta tafsiri ya "embark", basi, hana haja ya kuwaeleza wanafunzi nanga kwanza. Aanze na kamba na mzigo: safari hufungwa, ndipo hufuatwa.