Mbegu ya Pilipili: Tulikotoka na Tulipofika

Chama chetu Kikuu kitimizapo miaka 10, yafaa tukumbuke safari ya kitu kidogo ambacho pasipo hicho ghala zetu zingekuwa tupu: mbegu ya pilipili.

Mmea huu asili yake si Afrika. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kusini waliulima maelfu ya miaka kabla Columbus hajafika visiwa vya Karibi mwaka 1492. Baadaye merikebu za Wareno ziliueneza ng'ambo ya bahari, hata ukafika kwetu. Wahenga wakaupa jina la pilipili, walilokwisha kuizoea pilipili manga. Duka la mbegu halikuwapo. Bibi zetu walichagua matunda mekundu ya mche ulio bora, wakayatundika darini juu ya moshi wa meko, au wakazitia mbegu kibuyuni pamoja na majivu makavu.

Sisi tuliipuuza hekima hiyo. Katika mwaka wa tatu wa Chama tulikusanya mbegu kwa haraka, nyingine za matunda mabichi, tukazitia maguniani na kuyalaza magunia sakafuni. Masika yalipofika tukawagawia wanachama. Vitalu vikabaki vitupu, na watu walikwisha kulima na kulipa vibarua. Lawama ilikuwa yetu sisi viongozi, wala hatukuikana.

Ndipo tulipojifunza kanuni aliyoieleza James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa California, katika maandishi yake ya mwaka 1972: unyevu wa mbegu upunguapo kwa sehemu 1 katika 100, au joto la ghala lishukapo kwa nyuzi 5 za Sentigredi, maisha ya mbegu huongezeka kadiri ya mara mbili. Kumbe majivu ya bibi zetu yalikuwa na maana, kwa kuwa hufyonza unyevu.

Tangu hapo twachuma matunda yaliyoiva kabisa, twayaweka siku chache kabla ya kuyapasua, na mbegu twazikausha kivulini penye upepo, si juu ya bati lenye moto. Kisha twazitia katika chupa zilizofungwa barabara. Kabla ya kugawa, twaotesha mbegu 100 katika kitambaa chenye maji na kuhesabu zilizoota.

Hasara ya mwaka ule ilikwisha kulipwa, lakini hatukuisahau. Kila msimu karani huzihesabu mbegu hizo 100 mbele ya wanachama, nao huziona kwa macho yao.