Fremu
Fremu ni mwili wa baiskeli: mabomba yaliyoungwa, yanayobeba usukani, kiti, pedeli na magurudumu. Katika baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu, fremu ya chuma ina kazi kubwa, kwani nyuma hakuna shokapu ya kupunguza mtikisiko. Mwaka 1977, huko California, mwunda baiskeli Joe Breeze alianza kuunda fremu za milimani kwa chuma chenye kromi na molibdeni. Fremu ya chuma ni nzito kuliko ya alumini, lakini ikipasuka huchomeleka kwa urahisi zaidi. Adui wake ni kutu, tena ya ndani: maji hupenya bomba la kiti na kutuama penye ekseli ya mikono ya pedeli.