Mama wa Pingili

Mtu anayeanza kupanda kwa pingili huwa na swali moja tu moyoni: je, itashika? Hata mimi niliuliza hivyo mwaka 1974, nilipokuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi na kupangiwa shule ya msingi katika pwani ya kusini ya Tanzania. Mvua zilikuwa zimetuvunja moyo, chakula kilikuwa haba, na serikali ilikuwa ikihimiza Kilimo cha Kufa na Kupona. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule ziwe na mashamba. Nikakabidhiwa shamba la mihogo, mimi ambaye sikuwahi kupanda hata tuta moja la mchicha.

Nilifanya kama tulivyofundishwa chuoni. Nilichagua mashina yaliyokomaa, nikaacha ncha za juu zilizo laini. Nilikata pingili za sentimita 25 hivi, kila moja na vifundo vitano hadi saba, kwa panga kali, kwa kuwa panga butu hupasua shina na penye mpasuko huingia uozo. Tuliziweka kivulini zisikauke, kisha tukazipanda kwa mshazari katika matuta, macho yakielekea juu, sehemu kubwa ya pingili ikiwa udongoni. Baada ya wiki mbili karibu zote zilikuwa zimechipua. Nilijiona mkulima kamili. Zilizosalia niliwagawia wanafunzi wapeleke kwao.

Mwaka uliofuata tulichimba. Kwa nje mihogo ilikuwa minene, ya kupendeza. Tulipoikata, ndani ilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa, na mingine ilikuwa imeoza kabisa. Siku chache baadaye alikuja bibi mmoja, jirani wa shule, ambaye mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaweka mbele yangu muhogo uliopasuliwa katikati. Ulikuwa kama ya kwetu.

"Mwalimu," akasema, "mwana hutazama kisogo cha nina. Mama yake ulimchimba ukamtazama?"

Sikuwa nimemchimba. Nilikuwa nimetazama shina tu.

Ilinichukua miaka kuelewa jinsi swali lile lilivyobeba historia nzima ya zao hili. Mbegu ya mahindi ni mtoto wa wazazi wawili, lakini pingili si mtoto. Pingili ni mama yule yule anayeanza maisha upya, na utamu wake, uchungu wake na maradhi yake yote yamo ndani.

Asili ya mhogo ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, na tangu hapo umekwenda kutoka mkono hadi mkono, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa vijiti. Ugonjwa wa batobato, unaokunja majani na kuyatia rangi ya manjano, haukuja nao. Virusi vyake ni vya Afrika. Viliuvamia mhogo hapa hapa, vikichukuliwa na inzi weupe. Vilipokwisha kuingia katika shina, mkulima mwenyewe akawa mchukuzi wa pili. Mwaka 1894 Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, aliandika habari za ugonjwa huo kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania.

Huko Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, ambacho baadaye kilichukuliwa na Waingereza. Hapo ndipo H. H. Storey alipoeleza, mwaka 1936, ugonjwa wa pili, yaani michirizi ya kahawia, ambao ndio uliotupata sisi. Huu ni mjanja zaidi. Majani yaweza kuonekana mazima, na shina likawa la kuvutia, huku madhara makubwa yakiwa chini ya ardhi. Storey na mwenzake Nichols waliuchanganya mhogo na ndugu yake, mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu, wakitafuta aina zenye kustahimili. Uzao wa kazi ile ulifika Nigeria, ukawatumikia watafiti wa Ibadan miaka ya 1970.

Wataalamu nao hawakuepuka kosa langu. Mihogo iliyopelekwa Uganda kutoka Amani ilikutwa na michirizi ya kahawia katika miaka ya 1940, ikabidi iteketezwe. Tangu mwaka 2004 ugonjwa huo umeenea tena Uganda, kwa inzi weupe na kwa pingili ambazo majirani hupeana kwa upendo.

Hilo la upendo ndilo linalonisumbua. Shamba la shule lilikuwa hasara ya shule. Lakini zile pingili nilizogawa ziliingia katika nyumba za watu ambao mhogo ulikuwa akiba yao ya mwisho mwaka wa njaa. Walizipokea kwa sababu zilitoka kwa mwalimu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi, na tukang'oa na kuchoma mashina pamoja. Bibi yule ndiye aliyetupa mbegu mpya, nasi kabla ya kukata shina lolote kwake tulichimba kwanza, tukapasua muhogo, tukatazama ndani. Palipokuwa na baka hata moja, mti wote tuliuacha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayeanza, panga liwe kali, na pingili zikae kivulini. Lakini usijipongeze kwa kuwa zimeshika. Hata zangu zilishika. Kabla hujakata, chimba umtazame mama. Na kabla hujampa jirani, ngoja kwanza uvune.