Mwanga Unaosoma Etikete, na Jiwe Lisilosomwa: Kutoka Skana hadi Kasiterite ya Kalima



Rafiki mmoja mwenye duka pale Kindu alinipa skana yake iliyokufa. "Beba tu, haisome tena," akaniambia. Nikaifungua juu ya meza. Ndani nilikuta vitu vichache: diodi ndogo ya leza, lenzi isiyozidi punje ya mahindi, kioo chembamba kinachopepea mbele na nyuma, kioo kingine kikubwa kilichoinama kama sahani, kipande cha kichujio chekundu, kijicho cha kupokea mwanga, na plaki ya elektroniki. Nikahesabu. Kati ya vyote hivyo, kimoja tu ndicho kinachotoa mwanga. Vingine kazi yao ni kuupeleka, kuubana, kuutenganisha na kuukusanya. Historia ya skana kwa sehemu kubwa ni historia ya hivyo vingine.

Sababu inayonifanya niandike ni kwamba mimi ni mtoto wa Kalima. Wengi wetu huko tuliiona ile mistari myeusi na myeupe, kodebare, kabla ya kuingia dukani popote penye mashine ya kuisoma. Tuliiona kwenye etikete ya plastiki iliyofungwa mdomoni mwa gunia la kasiterite. Kwetu ilikuwa alama ya jiwe kuruhusiwa kuuzwa. Basi nataka tufuate mwanga huo tangu ulikoanzia hadi kwenye gunia letu, halafu tujiulize unasoma nini hasa.

Hadithi inaanzia Philadelphia, Marekani, mwaka 1948. Bernard Silver, mwanafunzi wa chuo cha Drexel, alimsikia mkubwa wa maduka ya vyakula akimwomba mkuu wa kitivo atafute njia ya kusoma bidhaa zenyewe pale mtu anapolipa. Silver akamweleza mwenzake, Norman Joseph Woodland. Woodland alikuwa amejifunza alama za Morse akiwa skauti. Alipokuwa amekaa ufukweni Miami akafikiria nukta na vistari vya Morse, akazamisha vidole mchangani na kuvivuta kumwelekea. Zikabaki nyuzi, nyingine nene, nyingine nyembamba. Waliomba hataza tarehe 20 Oktoba 1949 na wakaipata tarehe 7 Oktoba 1952.

Wazo lilikuwa zuri, ila mwanga haukuwepo. Mashine yao ya kwanza ilitumia balbu ya wati 500. Ilitoa joto kali mpaka karatasi ikaanza kuungua. Tatizo la balbu ni kwamba mwanga wake unatawanyika pande zote, na rangi zote zimo pamoja. Hata ukiweka lenzi nzuri, huwezi kuubana wote uwe kidoa kidogo chenye nguvu. Hataza iliuzwa mwaka 1962 kwa dola 15,000, na Silver akafariki mwaka 1963 bila kuiona kazi yake ikiingia dukani.

Kilichokosekana kilipatikana mwaka 1960. Mwezi wa tano Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, ya rubi, huko California. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo Ali Javan, mzaliwa wa Iran, na wenzake wa Bell wakawasha leza ya gesi za heliamu na neoni, inayoangaza mfululizo bila kukatika. Hiyo ya gesi ndiyo iliyokuja kuingia madukani. Mwanga wake unatoka kama uzi ulionyooka, wa rangi moja, na lenzi inaweza kuubana.

Hapa niwaombe tuende polepole kidogo, maana ndipo ufundi ulipo. Skana ina shida mbili.

Shida ya kwanza ni kubana. Kwenye kodebare ya kawaida ya dukani, mstari mwembamba kuliko yote una upana wa milimita 0.33. Kidoa cha mwanga kikiwa kipana kuliko mstari sana, kinagusa mweusi na mweupe kwa wakati mmoja, na mashine inaona kijivu tu. Kwa hiyo lenzi inakusanya mwanga uwe kidoa kidogo. Lakini maumbile yana bei yake: kadiri unavyoubana mwanga sana mahali pamoja, ndivyo unavyotanuka haraka ukipita mahali pale. Ukitaka kusoma mistari myembamba sana, lazima uwe karibu. Ukitaka kusoma kwa mbali, ukubali mistari mipana. Ndiyo maana mtu wa dukani anasogeza bidhaa mbele na nyuma mpaka isikike "tiii". Anatafuta pale mwanga ulipobanwa vizuri.

Shida ya pili ni kutenganisha. Mwanga unatoka, unagonga karatasi, unarudi umetawanyika na dhaifu. Unaokwenda na unaorudi wanapita njia moja, kama barabara ya gari moja kwenye poto-poto. Utawapishanisha namna gani? Jibu la zamani, linalojulikana kwenye maabara, ni kioo kilichopakwa madini kidogo tu, ili nusu ya mwanga ipite na nusu irudishwe. Albert Michelson alitumia kioo cha namna hiyo kugawa mwanga kwenye jaribio lake maarufu la mwaka 1887. Lakini fanyeni hesabu: ukienda unabaki na nusu, ukirudi unabaki na nusu ya hiyo nusu. Robo tatu imepotea kabla hata karatasi haijachukua sehemu yake.

Kwa hiyo mafundi wengi walipata njia nyingine, na ndiyo niliyoikuta kwenye skana ya rafiki yangu. Katikati ya kioo kikubwa kilichoinama kuna kijioo kidogo. Mwanga wa leza, kwa kuwa ni mwembamba, unatokea kwenye kile kidogo. Unaporudi umekuwa mpana, unaangukia kile kikubwa, nacho kinaukusanya na kuuelekeza kwenye kijicho. Kichujio chekundu kinazuia mwanga wa taa na jua. Kwenye nyeupe unarudi mwingi, kwenye nyeusi kidogo, na plaki inapima muda wa kila mmoja. Hakuna uchawi.

Skana za kwanza za madukani zilikuwa na kazi zaidi, kwa sababu bidhaa inapita imegeuka hivi au vile. Leza moja ilipigwa kwenye vioo vinavyozunguka, halafu kwenye vioo vilivyosimama, mpaka uzi mmoja ukachora mistari inayokatana kama herufi X. Tarehe 26 Juni 1974, saa za asubuhi, kwenye duka la Marsh, mji wa Troy, Ohio, mhudumu Sharon Buchanan alipitisha pakiti ya chingamu ya Wrigley. Mashine ikaandika senti 67. Hiyo ilikuwa miezi minne kabla ya Ali na Foreman kupigana Kinshasa. Mwaka 1980 IBM ikatoa skana yenye diski ya holografia: kila kipande cha diski kinapinda mwanga na kuubana kwa umbali wake, kama kuwa na lenzi nyingi zinazopokezana. Baadaye diodi ndogo nyekundu zikachukua nafasi ya mirija ya gesi, na skana ikaingia mkononi.

Sasa turudi kwetu. Kalima haikuanza na etikete. Symétain, kampuni ya Wabelgiji ya bati, ilianzishwa mwaka 1932, na Kalima ikawa makao yake katika nchi ya Walega. Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Washirika walipoteza bati la Asia, wakatazama Bolivia na Kongo. Babu zetu walichimba zaidi, na haikuwa kwa hiari ya kila mmoja. Mwaka 1976 makampuni kadhaa ya Kivu na Maniema, Symétain ikiwemo, yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwezi wa kumi 1985 baraza la kimataifa la bati likafilisika London, bei ikaanguka, na SOMINKI haikupona. Mwaka 1997 ikaja SAKIMA. Kampuni ikipungua, wakrezeri wakaongezeka: baba na beleshi lake, mtoto na karai lake.

Bati hilo liko ndani ya hadithi ya vioo tangu zamani. Vioo maarufu vya Venice vilitengenezwa kwa kubandika bati na zebaki nyuma ya kioo, mpaka njia ya fedha ya Justus von Liebig, ya mwaka 1835, ilipoenea. Mwaka 1959 Alastair Pilkington wa Uingereza alitangaza njia mpya ya kutengeneza kioo bapa: kioo kilichoyeyushwa kinamwagwa juu ya dimbwi la bati lililoyeyuka, kinaelea, kinatulia, kinatoka laini pande zote mbili bila kusuguliwa. Mpaka leo kioo bapa kingi duniani kinatengenezwa hivyo. Na ile plaki ya skana? Tangu tarehe 1 Julai 2006 Ulaya ilipozuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, solda inayotumika sana ni bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Siwezi kuwaambia bati la skana ya rafiki yangu lilitoka Kalima. Ila bila bati la mahali fulani, ile mashine haiungiki.

Etikete nayo ilikuja hivi. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu cha 1502 kuhusu madini ya Kongo na jirani zake. Mwezi wa tisa Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Wale waliokuwa Kalima wanakumbuka miezi ile: hakuna mnunuzi, hakuna pesa ya shule. Mpango wa ITSCI, ulioundwa na wenye viwanda vya bati, ulipofika kwetu, watu waliupokea kama mlango uliofunguliwa tena. Wakala wa serikali anafunga etikete ya kwanza kwenye machimbo. Nyingine inafungwa kwa negosia. Kila moja ina namba yake na kodebare yake, na namba inaandikwa kwa kalamu ndani ya daftari.

Umeona sasa? Mashine inaweza kusoma etikete bila kosa. Lakini etikete haiko ndani ya jiwe. Imefungwa na mkono wa mtu. Gunia la machimbo yaliyokatazwa likipewa etikete ya machimbo yaliyoruhusiwa, skana itasema "tiii" ileile. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likidai kwamba mambo ya namna hiyo yalikuwa yakifanyika, sana-sana upande wa Kivu. ITSCI ilikanusha. Mwezi wa kumi mwaka huohuo Responsible Minerals Initiative iliacha kuutambua mpango huo. Na gharama za mpango, kama wachimbaji wanavyolalamika tangu mwanzo, zinateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa yule mwenye beleshi.

Kuna mwanga mwingine unaojaribu kusoma jiwe lenyewe. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilitengeneza njia ya kutambua koltani kwa alama zake za ndani: leza kali inachoma kijisehemu cha punje, mvuke wake unapimwa, na elementi zilizomo zinalinganishwa na sampuli za machimbo yanayojulikana. Ila hiyo inataka maabara, pesa na muda. Haiwezi kukaa njiani kati ya Kalima na Kindu ikipima kila gunia.

Ndugu zangu, sisemi etikete ni bure. Kabla yake tulifungiwa kabisa, na kufungiwa kuliumiza kuliko daftari. Ninachosema ni hiki: ile mashine inajibu swali moja tu, "namba hii ni ipi?" Swali la "jiwe hili limetoka wapi, na aliyelichimba amekula?" halikuwekwa ndani yake. Hilo limebaki kwa wale wanaofunga, wanaoandika na wanaonunua. Na kati yetu tunaosoma ukurasa huu, wengi ndio tutakaopewa kazi hizo: wakala wa machimbo, karani wa depo, mkaguzi, mwanajiolojia.

Ile skana nimeirudishia kifuniko. Niligundua kosa lake: kioo cha mbele kilikuwa kimejaa mikwaruzo na vumbi, mwanga ukawa unatawanyika hapohapo mlangoni kabla ya kufika kwenye mistari. Vingine vyote ndani vilikuwa vizima. Nimempelekea rafiki yangu, nikamwambia atafute kioo kipya tu.